Itolewe au Isomwe? Jinsi Majimbo ya Marekani Yanavyotunga Sheria za Somo la Sayansi ya Kompyuta

Mwezi Februari 2015, wiki chache baada ya kuapishwa kuwa gavana wa Arkansas, Asa Hutchinson alitia saini sheria fupi iliyopewa namba 187. Iliagiza kwamba, kuanzia mwaka wa masomo wa 2015–2016, kila sekondari ya umma katika jimbo hilo, pamoja na shule za umma zinazojiendesha kwa mkataba, itoe angalau somo moja la sayansi ya kompyuta. Jimbo lilitenga dola milioni 5 kwa kazi hiyo na kuunda kikosi kazi cha kushauri namna ya kuitekeleza. Waliozoea kuisikia Arkansas ikitajwa kwa mpunga, kuku na maduka ya Walmart, ambayo makao yake makuu yako huko, hawakutarajia jimbo hilo la kusini liwatangulie wenzake wenye kampuni kubwa za teknolojia. Hutchinson mwenyewe alikuwa amelipigia debe jambo hilo tangu kampeni za 2014, hata akatoa tangazo la televisheni akiwa na mjukuu wake wa kike wa miaka 11 aliyekuwa amejifunza kutengeneza programu ya simu.

Tangu wakati huo mabunge ya majimbo mengi yamepitisha sheria za aina hiyo, na kila moja inapopita, vyombo vya habari hutangaza jambo lilelile: jimbo fulani sasa litafundisha kompyuta shuleni. Tangazo hilo huficha mengi. Sheria mbili zinaweza kusifiwa kwa maneno yanayofanana, kumbe moja inamgusa kila kijana anayepita sekondari na nyingine haimfikii hata mmoja kati ya kumi, na kinachozitenganisha ni kitenzi kimoja kilichomo ndani ya kifungu chake cha kwanza au cha pili. Je, sheria inataka somo lihesabiwe, litolewe, au lisomwe? Anayekielewa kitenzi hicho ameelewa sehemu kubwa ya mjadala huu, ingawa bado atabaki na swali la mwalimu, ambalo vitenzi peke yake havilimalizi.

Msomaji aliyepo Dodoma au Kisumu atauliza kwanza kwa nini jambo hili liwe la mabunge ya majimbo. Kwetu Tanzania, Taasisi ya Elimu huandaa mtaala mmoja kwa nchi nzima na Baraza la Mitihani hutunga mtihani mmoja. Kenya nako kuna taasisi yake ya ukuzaji mitaala. Somo jipya likishakubaliwa huko juu, hushuka hadi shule ya mwisho kijijini, angalau kwenye karatasi. Marekani haina chombo cha namna hiyo. Katiba ya nchi hiyo haitaji elimu hata mara moja, na Marekebisho ya Kumi, yaliyoidhinishwa mwaka 1791, yanayaachia majimbo na wananchi mamlaka yote ambayo hayakukabidhiwa serikali ya shirikisho. Kwa hiyo kila jimbo kati ya majimbo 50 lina masharti yake ya kuhitimu, na chini ya majimbo hayo ziko wilaya za shule zipatazo 13,000, nyingi zikiongozwa na bodi zinazochaguliwa kwa kura na wakazi wa mahali hapo. Hata fedha hufuata mpangilio huo: kwa kawaida serikali ya shirikisho huchangia kiasi cha sehemu moja tu ya kumi ya gharama za shule za umma, na zinazobaki hutoka katika hazina ya jimbo na kodi za mitaa, hasa ile inayotozwa majengo na ardhi.

Matokeo yake ni kwamba rais wa Marekani anaweza kuhimiza, kushawishi na kutoa ruzuku, lakini hana uwezo wa kuiamuru sekondari moja ya Iowa ifundishe chochote. Sheria ya shirikisho ya elimu iliyosainiwa Desemba 2015 iliitaja sayansi ya kompyuta miongoni mwa masomo yanayounda elimu iliyokamilika, na kutajwa huko kulifungua mlango wa baadhi ya fedha. Mwezi uliofuata Rais Obama aliomba dola bilioni 4 kwa ajili ya somo hilo, Bunge halikuzitoa. Mwaka 2017 Rais Trump aliielekeza wizara ya elimu ielekeze dola milioni 200 kwa mwaka kwenye ruzuku za sayansi na teknolojia, kompyuta ikiwemo, kiasi ambacho kikigawanywa kwa wilaya zote 13,000 hakifiki dola 16,000 kwa kila moja. Waliotaka somo hili lienee hawakuwa na njia nyingine ila kubisha hodi jimbo kwa jimbo.

Aliyebisha hodi kwa bidii kuliko wote ni Code.org, asasi iliyoanzishwa mwaka 2013 na ndugu wawili mapacha wenye asili ya Iran, Hadi na Ali Partovi. Inajulikana zaidi kwa ile saa moja ya kujaribu kuandika programu ambayo watoto wa nchi nyingi wamekuwa wakiifanya kila Desemba, lakini kazi yake nzito zaidi ilifanyika katika vyumba vya kamati za mabunge, ambako iliwapelekea wabunge orodha ya sera wanazopaswa kuzipitisha na kuchapisha kila mwaka ripoti inayoonyesha jimbo gani limefika wapi. Wafadhili wake ni pamoja na Microsoft, Google na Amazon, na wapo waliosema kwamba kampuni hizo zinatafuta tu wafanyakazi wengi ili mishahara ishuke. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Hata hivyo, hesabu na kemia nazo ziliingia shuleni kwa kusukumwa na watu waliokuwa na haja nazo, na nia ya anayeleta somo haitoshi kutuambia kama somo lenyewe linamfaa mtoto.

Turudi kwenye vitenzi, tukianza na kile chepesi zaidi. Mwanafunzi wa Marekani hahitimu sekondari kwa kufaulu mtihani mmoja wa taifa. Huhitimu kwa kukusanya krediti. Somo la mwaka mzima kwa kawaida ni krediti moja, na Arkansas, kwa mfano, inataka krediti 22 katika miaka minne, kuanzia darasa la tisa hadi la kumi na mbili. Baadhi ya krediti hizo zimefungwa kwa Kiingereza, hisabati, sayansi na historia, na zilizobaki ni za masomo ya hiari. Mpaka karibu mwaka 2013, katika majimbo mengi sayansi ya kompyuta ilikaa kwenye fungu hilo la hiari, pamoja na upigaji picha na uigizaji. Kijana aliyelichukua hakupunguziwa mzigo wowote wa hisabati wala sayansi, na mwenye ratiba iliyojaa, ambaye mara nyingi ndiye mwenye mwelekeo wa somo hilo, aliliacha.

Sheria za mwanzo zilirekebisha hilo tu: zilisema somo la sayansi ya kompyuta lihesabiwe kama hisabati au kama sayansi katika kuhitimu. Jimbo la Washington, ambako Microsoft na Amazon zina makao yao, lilipitisha sheria ya namna hiyo mwaka 2013 kwa somo la kiwango cha juu linaloandaa wanafunzi kwa chuo. Sheria kama hizo hazigharimu karibu chochote, hazimlazimishi mtu, na ndiyo maana zilipita kirahisi katika majimbo ya vyama vyote viwili. Lakini zina kasoro iliyo wazi. Kulihesabu somo ambalo shule yako hailifundishi ni kama kupewa punguzo katika duka ambalo mji wako hauna.

Kitenzi cha pili, basi, ni kutoa. Hiki ndicho alichokichagua Hutchinson mwaka 2015, na ndicho kilichofuatwa na Maryland mwaka 2018, ilipozitaka sekondari zake zote za umma ziwe na somo hilo ifikapo mwaka wa masomo wa 2021–2022. Indiana mwaka huohuo ilitaka sayansi ya kompyuta iwemo katika mafunzo ya shule zote za umma, tangu madarasa ya chini, kufikia Julai 2021. Wyoming nayo ilijipa mpaka mwaka wa masomo wa 2022–2023. Tarehe hizo zinastahili kutazamwa kwa makini kuliko hotuba za siku ya kutia saini, kwa sababu kipindi kilichopo kati ya saini na utekelezaji ndicho kipindi cha kutafuta walimu. Maryland ilijipa zaidi ya miaka mitatu. Arkansas ilijipa takriban miezi sita.

Arkansas iliwezaje? Jibu limo ndani ya sheria yenyewe, ambayo iliruhusu somo litolewe darasani, kwa njia ya mtandao, au kwa mchanganyiko wa njia hizo. Chukua sekondari ndogo ya vijijini yenye mwalimu mmoja wa hisabati anayefundisha vipindi vyote vya siku. Haina fedha za kuajiri mwingine, na hata ingekuwa nazo, asingepatikana wa kwenda kuishi huko. Shule hiyo inaweza kulitimiza sharti kwa kumwandikisha mwanafunzi katika somo la Virtual Arkansas, huduma inayofundisha shule za jimbo hilo kwa mbali: kijana anakaa mbele ya skrini akiwa na vifaa vya kusikilizia, mwalimu yuko mji mwingine, na mtu mzima aliyepo chumbani anahakikisha kila mtu ametulia, bila kulazimika kujua programu iliyokwama imekwama kwa nini. Kisheria, somo limetolewa. Wala sisemi hivyo kwa kejeli, maana kwa mtoto wa shule hiyo mwaka mmoja kabla hapakuwa na chochote, na idadi ya waliojiandikisha katika jimbo zima ilipanda kutoka wanafunzi wapatao 1,100 hadi karibu 4,000 katika mwaka huo wa kwanza peke yake.

Tatizo la kutoa liko kwingine. Ripoti ya Code.org ya mwaka 2024 ilionyesha kwamba asilimia 60 ya sekondari za umma za Marekani zinatoa somo la msingi la sayansi ya kompyuta, kutoka asilimia 35 mwaka 2018. Hayo ni maendeleo makubwa kwa miaka sita. Lakini ripoti hiyohiyo ilieleza kwamba wanafunzi waliokuwa wanalisoma katika mwaka mmoja ni asilimia 6.4 tu, na kati yao wasichana ni kama thuluthi moja. Takwimu ya pili inahitaji kusomwa kwa haki: sekondari ni miaka minne, na kama kila mmoja angelisoma somo hilo mara moja tu, hiyo asilimia 6.4 kwa mwaka ingetosha kuwafikia takriban robo ya wanafunzi kabla hawajahitimu. Hata kwa hesabu hiyo ya ukarimu, robo tatu wanapita mlango uliofunguliwa bila kuingia.

Wanaopita bila kuingia si watu wa kubahatisha. Mtoto ambaye mzazi wake anafanya kazi ya teknolojia huambiwa nyumbani alichague somo hilo; mwingine huambiwa na mshauri wa masomo wa shule, ambaye naye ana picha yake kichwani ya mtoto anayefaa kompyuta. Familia za Wakongo waliohamia Marekani kama wakimbizi katika miaka ya karibuni, wengi wao wakizungumza Kiswahili nyumbani, hukutana na kikwazo ambacho watunga sheria hawakukifikiria. Kijana aliyefika akiwa na miaka 15 huwekewa vipindi vya kujifunza Kiingereza kwenye ratiba yake, na vipindi hivyo hukaa palepale ambapo masomo ya hiari yangekaa. Kisha inaletwa nyumbani karatasi ya kuchagua masomo ya mwaka ujao, imeandikwa kwa Kiingereza cha kiofisi chenye vifupisho vingi, mzazi anaitia saini akimwamini mwanawe, na mwanawe anaweka alama pale rafiki zake walipoweka. Sayansi ya kompyuta ipo kwenye karatasi hiyo, katika mstari wake, na imetolewa kama sheria inavyotaka.

Ndiyo sababu majimbo kadhaa yamehamia kwenye kitenzi cha tatu, kusoma, yaani kulifanya somo hilo kuwa sharti la kuhitimu. Arkansas ilirudi kwenye sheria yake mwaka 2021 na kupitisha nyingine, namba 414, inayotaka kila mwanafunzi aliyeingia darasa la tisa kuanzia mwaka wa masomo wa 2022–2023 apate krediti moja ya sayansi ya kompyuta. Tennessee ilipitisha sheria yake mwaka 2022, ikianza na walioingia darasa la tisa mwaka 2024. Nebraska, jimbo pekee lenye bunge la chumba kimoja, nayo ikapitisha ya kwake mwaka 2022. North Carolina ikafuata mwaka 2023. Kufikia mwaka 2024 majimbo yenye sharti la namna hiyo yalikuwa 11.

Moja kati ya hayo 11 ni South Carolina, na kisa chake ndicho ninachowasimulia watu wanaoamini kwamba neno "lazima" linamaliza kila kitu. Kwa miaka mingi jimbo hilo lilimtaka kila mhitimu awe na krediti ya sayansi ya kompyuta, muda mrefu kabla Code.org haijazaliwa. Mtu akitazama orodha ya majimbo angedhani South Carolina iliwaacha wenzake mbali. Kumbe miongoni mwa masomo yaliyokubaliwa kutimiza sharti hilo lilikuwemo la kupiga chapa: kuweka vidole mahali pake kwenye kibodi na kuandika bila kutazama. Vijana walihitimu wakiwa na cheti kinachosema wamesoma sayansi ya kompyuta, nao walichosoma ni kazi ambayo bibi zao waliifanya kwa taipureta. Jimbo liliyaondoa masomo ya aina hiyo kwenye orodha mwaka 2018. Nevada, ilipotunga sheria yake mwaka 2017, ilichukua njia ya katikati: nusu krediti ya matumizi ya kompyuta na teknolojia, ila angalau nusu ya muda wa somo hilo itumike kwa sayansi ya kompyuta yenyewe.

Tofauti kati ya kutumia kompyuta na sayansi ya kompyuta inatajwa sana na kuelezwa kwa nadra, kwa hiyo inafaa kuiona ikifanya kazi. Mwalimu anampa mwanafunzi kadi 30, kila moja ikiwa na alama ya mtihani upande wa chini, na kumtaka atafute alama ya juu kabisa kwa sharti kwamba kila mara atalinganisha kadi mbili tu. Mwanafunzi anashika ya kwanza, anailinganisha na ya pili, anabaki na kubwa, anaendelea hadi mwisho, na akihesabu anakuta amelinganisha mara 29. Anajaribu kufanya kwa mara 28, anashindwa, na mwalimu anamwuliza kwa nini haiwezekani. Baadaye kadi zinapangwa kuanzia ndogo hadi kubwa, na swali linabadilika: je, alama 67 imo? Akianza na kadi ya kwanza anaweza kufunua zote. Akianza na ya katikati, ataona kama 67 iko kushoto au kulia, atatupa nusu nzima bila kuitazama, na kwa kufunua kadi zisizozidi tano atakuwa na jibu. Kadi zingekuwa elfu moja, asingefunua zaidi ya kumi. Hapo hapana kompyuta wala umeme, na mwanafunzi ameshaonja kiini cha somo: mpango wa hatua, gharama ya mpango huo, na uthibitisho kwamba mpango bora zaidi upo au haupo. Somo la kupanga jedwali na kukokotoa wastani kwa kubonyeza kitufe lina manufaa yake ofisini, lakini halimfikishi huko.

Kwa hiyo katika kuipima sheria, baada ya kitenzi hufuata nomino. Sheria makini haziishii kutaja jina la somo. Huagiza bodi ya elimu ya jimbo iandae viwango vinavyosema mwanafunzi wa darasa fulani awe anaweza kufanya nini, na kuorodhesha masomo yanayokubalika. Pasipo kazi hiyo, wilaya yenye uhaba wa walimu italibandika jina jipya somo la zamani, na hakuna atakayeilaumu mahakamani.

Kulikuwepo pia jaribio la kupita njia ya mkato, ambalo linanishangaza mpaka leo. Mwaka 2016 Seneti ya jimbo la Florida ilipitisha, kwa kura 35 dhidi ya 5, mswada wa kuruhusu mwanafunzi ahesabiwe masomo ya kuandika programu badala ya lugha ya kigeni. Aliyeupeleka, Seneta Jeremy Ring, aliwahi kuwa mmoja wa viongozi wa Yahoo. Hoja ilikuwa kwamba programu nazo huandikwa kwa lugha. Mswada ulikwama katika chumba cha pili, na mimi sikuusikitikia. Lugha za programu zina kanuni, lakini hazina wasemaji. Hakuna anayebembeleza mtoto kwa lugha ya programu, wala anayetukanwa nayo sokoni. Mtu aliyekulia kati ya Kiswahili, lugha ya nyumbani na Kiingereza cha shuleni hahitaji maelezo marefu ili alione hilo. Zaidi ya hapo, kuliingiza somo moja kwa kulinyang'anya jingine nafasi ni kuukwepa mjadala wa fedha na muda, ambao haukwepeki.

Fedha na muda humaanisha mwalimu. Takwimu za kazi za serikali ya Marekani za mwaka 2023 zinaonyesha kwamba mtengenezaji wa programu wa kipato cha kati hulipwa zaidi ya dola 130,000 kwa mwaka, na mwalimu wa sekondari wa kipato cha kati karibu dola 65,000. Anayejua somo hili vizuri kiasi cha kulifundisha anajua pia kwamba mtaa wa pili wanamlipa mara mbili. Basi majimbo hayakuwategemea sana wataalamu wahamie darasani. Yalitegemea walimu waliokuwepo, wa hisabati, biashara, hata wa muziki, wajifunze somo jipya, wafanye mtihani wa kuthibitishwa, na kuongezewa kibali kwenye leseni zao. Mafunzo hayo hufanyika likizo, na mwalimu hatumii likizo yake bure.

Ni hapa ndipo dola milioni 5 za Arkansas zinapoonekana katika ukubwa wake halisi. Jimbo hilo lina wilaya za shule zaidi ya 200. Fedha hizo zingegawanywa sawasawa, kila wilaya ingepata chini ya dola 25,000, kiasi kisichotosha mshahara wa mwalimu mmoja kwa mwaka. Hazikugawanywa hivyo, zilielekezwa zaidi kwenye mafunzo ya walimu na motisha, na kwa maoni yangu uamuzi huo ndio uliofanya sheria ile ifanikiwe kuliko kifungu chochote kilichotangazwa kwa shangwe. Sheria ya 2021 ilithibitisha kwamba waliokuwa wakiisimamia walikuwa wameuona mpaka wa skrini na vifaa vya kusikilizia, kwani iliongeza sharti jingine, lisilozungumzwa sana nje ya jimbo hilo: kufikia mwaka wa masomo wa 2023–2024, kila sekondari iwe imeajiri mwalimu mwenye kibali cha kufundisha sayansi ya kompyuta. Kitenzi kilibadilika, na mwalimu naye akatajwa kwenye sheria.

Wanaopinga sharti la kuhitimu wana hoja ambazo wakereketwa huzipita haraka mno. Kila sharti jipya humnyima mwanafunzi nafasi ya kitu kingine, na mtoto anayeegemea ufundi wa kuchomelea au muziki ana haki ya kuuliza kwa nini anyang'anywe nafasi hiyo. Wilaya ndogo, kwa upande wao, huliona agizo lisilo na fedha kuwa amri ya kufukuza mwalimu wa sanaa. Arkansas ilijaribu kuipunguza makali hoja ya kwanza kwa kuacha jumla ya krediti ileile 22 na kuruhusu krediti ya kompyuta ishike nafasi ya mojawapo ya zile za hisabati, sayansi au masomo ya mwelekeo wa kazi, yaani kile kitenzi cha kwanza, kuhesabu, kikaletwa kukisaidia cha tatu. Hoja ya pili haina dawa ya maandishi; ni fedha kutengwa au kutotengwa.

Upande wa manufaa, ushahidi umeanza kupatikana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland walifuatilia wanafunzi wa jimbo hilo kwa kutumia kumbukumbu za serikali na kukuta kwamba kusoma somo la sayansi ya kompyuta sekondari kuliongeza uwezekano wa mtu kulichagua chuoni kwa takriban pointi 10 za asilimia, na uwezekano wa kupata shahada yake kwa pointi 5. Mapato ya mwanzo kazini nayo yalikuwa juu kwa kiasi cha asilimia 8. Matokeo hayo ni ya mahali ambapo somo lilitolewa bila kulazimishwa, na njia waliyoitumia watafiti ilikuwa ya kutenganisha athari ya somo na hamu aliyokuja nayo mwanafunzi. Hayathibitishi kwamba kulilazimisha kutaleta faida ileile kwa kijana asiyelitaka.

Sasa limezuka swali ambalo sheria za 2015 hazikuliwaza. Programu za akili unde (AI) zinaweza kuandika msimbo, yaani maandishi ya programu, unaofanya kazi kwa kuombwa kwa sentensi ya kawaida, na wapo wabunge wanaouliza kama majimbo hayajachelewa kulilazimisha somo linalokaribia kufanywa na mashine. Aprili 2025 Rais Trump alitia saini agizo la kuhimiza mafunzo ya akili unde shuleni, na tangu hapo maneno hayo mawili yameanza kuonekana kwenye miswada palepale ambapo zamani pangeandikwa sayansi ya kompyuta. Hofu yangu ni ya South Carolina: kwamba somo la kujua namna ya kuiomba mashine jambo litapewa krediti ya sayansi ya kompyuta, kama kupiga chapa kulivyopewa. Yule mwanafunzi wa kadi 30 anaweza kuiuliza mashine ikampa jibu kwa sekunde moja. Anachokifahamu yeye ni kwamba jibu likidai limepatikana kwa kulinganisha mara 28, mashine imekosea.

Waliokaa darasa la tisa Arkansas mwezi Agosti 2022 ndio wa kwanza kupita chini ya sheria namba 414, na mwaka wao wa kuhitimu ni 2026. Katika hati za masomo za baadhi yao, mstari wa sayansi ya kompyuta utakuwa umejazwa na mwalimu waliyemwona kila siku, mwenye kibali chake kimetundikwa ukutani, na pengine ambaye mwaka 2014 alikuwa akifundisha kitu kingine kabisa.